Sukari ya Mbalamwezi, Sukari ya Giza

Mjomba wangu anavua dagaa Kayenze, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Kazi ya dagaa inafuata giza: taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanarudi nyumbani. Siku hizo za mbalamwezi ndizo mjomba anazokuja mjini kliniki ya kisukari. Anakuja amelala usingizi wa kutosha, amekula kwa wakati, vidonge amemeza asubuhi na jioni kwa sababu mkewe anamsimamia. Kidole kinatobolewa, mashine inasoma 5.8 (milimoli kwa lita), muuguzi anaandika kwenye kadi, kila mtu anafurahi.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana niliishika kadi yake nikaona mstari unaopendeza: 6.1, 5.8, 6.4, 5.9. Halafu nikatazama tarehe. Zote zilikuwa za mbalamwezi. Nikamtoa damu ya mkononi kwa ajili ya HbA1c, kile watu wanachokiita kipimo cha miezi mitatu. Jibu likatoka asilimia 9.7.

"Mpwa wangu, hiyo mashine yenu mbovu," akaniambia.

Mashine ilikuwa nzima. Tangu siku ile nimeanza kuyasikiliza kwa makini maneno yanayozunguka kwenye benchi la kusubiri damu. Mengi hayana madhara. Nitaandika yale tu ambayo nimeona yakiwagharimu watu macho, figo na miguu.

"Leo iko kawaida, kwa hiyo niko sawa"

Kipimo cha kidole kinaonyesha sukari iliyomo kwenye damu dakika ile. Ukikipima kabla hujala, baada ya siku tatu za kujinyima, kitakuonyesha asubuhi moja nzuri na si zaidi. Nawafahamu wazee wanaoacha ugali wiki nzima kabla ya kliniki, wakitoka hapo wanapitia chapati na soda stendi. Siwalaumu, maana hata sisi tumewafundisha kuogopa kugombezwa kuliko kuogopa ugonjwa.

HbA1c inasoma kitu kingine. Chembe nyekundu ya damu inaishi siku 120 hivi. Muda wote huo inaogelea kwenye damu, na sukari inagandamana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani yake, kidogo kidogo. Ikishaganda haitoki mpaka chembe yenyewe ife. Tunapopima asilimia ya himoglobini iliyogandwa na sukari, tunasoma historia ya wiki nane hadi kumi na mbili zilizopita, na karibu nusu ya historia hiyo ni ya mwezi wa mwisho. Huwezi kuibadilisha kwa kufunga siku tatu. Asilimia 6.5 na kuendelea ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 2011 kwa kumtambua mgonjwa wa kisukari. Kwa watu wazima wengi walio kwenye matibabu, lengo ni kukaa chini ya 7. Mzee dhaifu, au mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara, daktari anaweza kumwekea lengo la juu zaidi, na hapo hajapendelewa.

9.7 ya mjomba ni sawa na wastani wa sukari karibu 13. Hizo ndizo siku za giza ambazo kadi haikuziona. Nilipombana akaniambia: usiku wa kuvua anakula ugali wa muhogo sahani iliyojaa kabla ya kutoka, anakunywa soda mbili tatu ili asisinzie, na vidonge anaviacha nyumbani kwa makusudi. Kwa nini? Aliwahi kutetemeka na kutokwa jasho katikati ya maji, akaona taa zinacheza, akadhani anakufa. Sukari ilikuwa imeshuka. Alikuwa akimeza glibenklamidi, dawa ambayo kweli inaweza kushusha sukari kupita kiasi kama hujala vizuri na unavuta wavu usiku kucha. Hofu yake ilikuwa na msingi kabisa. Kosa lilikuwa kukaa nayo miaka miwili bila kumwambia daktari, na daktari hakuuliza kwa sababu kadi ilikuwa nzuri. Alipojua, alimbadilishia dawa. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kiasi hicho.

"Sijisikii chochote, na ugonjwa wenyewe ni mpya"

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mishipa inayoharibiwa mapema na kisukari ni midogo kiasi kwamba chembe nyekundu inalazimika kujikunja ili ipite. Inapatikana mwili mzima, lakini sehemu tatu haziwezi kuvumilia ikiharibika: retina nyuma ya jicho, vichujio vya figo, na mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika vidole vya miguu. Sukari nyingi inaufanya ukuta wa mshipa kuwa mnene na wakati huohuo kuvuja. Mshipa unaziba hapa, unavuja pale. Hakuna neno "uchungu" katika hatua hizo zote.

Kisukari cha aina ya pili kinaweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla hakijatambuliwa. Uingereza walianza mwaka 1977 utafiti mkubwa wa watu 5,102 waliokuwa wametambuliwa karibuni tu kuwa na kisukari hiki. Walipowatazama macho mwanzoni kabisa, zaidi ya theluthi moja tayari walikuwa na alama za uharibifu kwenye retina. Yaani siku wanaambiwa "una kisukari", ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani na kukaa. Ndiyo maana mtu wa aina ya pili anatakiwa kutazamwa macho, mkojo na miguu mwaka uleule anaotambuliwa, wala asiambiwe arudi akianza kuona giza.

Utafiti huohuo ulitoa majibu mwaka 1998, na mimi huyarudia kwa kila anayenisikiliza. Kundi lililobanwa sukari zaidi lilifika HbA1c ya 7.0 wakati wenzao walikuwa 7.9. Tofauti ndogo hivyo, chini ya asilimia moja, ilipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. Na walioshushwa presha vizuri walipunguza madhara hayo kwa asilimia 37. Presha! Watu wanapigana na sukari tu huku presha ya 160 wanaiita "ya kawaida yangu".

"Dawa za hospitali ndizo zinazoua figo"

Ukikaa Kirumba mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, nusu saa utalisikia. Fulani alikuwa mzima, akaanza kumeza vidonge vya sukari, leo anasafishwa damu. Mtu anaunganisha la kwanza na la pili. Wala si ujinga, hivyo ndivyo binadamu anavyosoma matukio. Lakini mpangilio una kipande kilichofichika: sukari ilikuwa inaziharibu figo miaka mingi kabla ya kidonge cha kwanza, na kidonge kilikuja figo zikiwa zimeshaanza kuchoka.

Metformini haiharibu figo. Inatolewa nje na figo, kwa hiyo figo zikidhoofika sana dawa hurundikana mwilini na kuleta hatari nyingine. Hapo daktari hupunguza dozi, na uwezo wa kuchuja ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika huisimamisha. Watu wakiona imesimamishwa husema, "Mnaona? Wameitoa kwa sababu imemharibu." Imetolewa kwa sababu figo zimeharibiwa na kitu kingine.

Na dawa za enalapril au losartani, ambazo mgonjwa anapewa akiambiwa ni za presha, zinapunguza shinikizo ndani ya vichujio vya figo na kuchelewesha uharibifu kwa mtu ambaye mkojo wake umeanza kupitisha protini. Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa na sisi huipima kwenye damu, inaweza kupanda kidogo wiki za mwanzo. Mtu akiliona jibu hilo peke yake anatupa dawa. Asitupe, arudi kwa aliyemwandikia. (Mama mwenye mimba au anayetafuta mimba aseme mapema, maana dawa hizi mbili hazimfai.)

Zipo dawa zinazoumiza figo za mwenye kisukari kweli, nazo zinauzwa bila swali duka la dawa mtaani: diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao. Mvuvi mwenye mgongo unaouma anazimeza kama karanga. Na kuna mizizi ya unga kwenye chupa isiyo na jina. Sisemi kila mti ni sumu. Nasema hakuna anayeweza kukuambia kilichomo kwenye chupa ile, na figo ndizo zitakazolazimika kukitoa.

"Kreatinini yangu nzuri, figo ziko salama"

Kila figo ina vichujio karibu milioni moja. Vikifa vingi, vilivyobaki vinajikaza kufanya kazi ya wenzao, na kreatinini inabaki kwenye mstari. Inaweza kuonekana ya kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo umekwenda. Kwa hiyo jibu zuri la kreatinini kwa mtu mwenye kisukari ni habari njema nusu.

Kinachosema mapema ni mkojo. Nilipomweleza mjomba nilitumia mfano wa wavu. Kichujio cha figo ni wavu wa matundu madogo mno. Maji na taka vinapita, albumini, ambayo ni protini ya damu, inabaki ndani. Sukari ikiuchakaza wavu, albumini inaanza kuponyoka, kidogo tu kwanza. Tunaipima kwa kuilinganisha na kreatinini ya mkojo huohuo: chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ni kawaida, 30 hadi 300 wavu umeanza kutoboka, zaidi ya 300 umechanika. Ile stripu ya kawaida ya kuchovya mara nyingi haioni kitu katika hatua ya mwanzo. Ukiambiwa "mkojo safi" uliza umepimwa kwa njia gani.

Hapa Kanda ya Ziwa kuna jambo ambalo vitabu vya ughaibuni havilisisitizi. Kichocho cha kibofu, kinachopatikana sana kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga bara, kinaleta damu na protini kwenye mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo hivyohivyo. Homa pia. Nimeona mkulima wa mpunga akiandikiwa "figo za kisukari" kwa mkojo mmoja, kumbe mayai ya kichocho yalikuwa yanaonekana wazi kwenye hadubini. Alipewa prazikwanteli na baadaye protini ikatoweka. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu: inatakiwa sampuli mbili kati ya tatu ziwe juu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, na kichocho na maambukizi yawe yameshaondolewa.

"HbA1c haidanganyi"

Hili tunalisema sisi watu wa maabara, na nalisahihisha kwa sababu linatuhusu hapa kuliko kwingi duniani. HbA1c inategemea chembe nyekundu kuishi siku zake. Chembe ikifa mapema, haikupata muda wa kukusanya sukari, na jibu linatoka chini kuliko ukweli.

Nani chembe zake hufa mapema? Mgonjwa wa siko seli, ambaye chembe zake huishi siku kumi hadi ishirini hivi. Kwake HbA1c haina maana. Aliyetoka kuugua malaria kali. Aliyeongezewa damu. Mjamzito. Kisha kuna wanaobeba siko seli bila kuugua, nao katika ukanda huu ni wengi: watafiti waliopima damu za watoto wachanga kaskazini-magharibi mwa Tanzania walikuta karibu mmoja kati ya watano. Chembe za mtu huyu huishi karibu kawaida, lakini baadhi ya mashine huisoma himoglobini yake vibaya, na utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa kwa sukari ileile, HbA1c yake hutoka chini kidogo ya mwenzake. Upande wa pili, upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha bila sukari kupanda.

Basi HbA1c ikigombana na vipimo vya kidole, usichague linalokufurahisha. Kwa mjomba niliangalia kwanza wingi wa damu na siko seli ndipo nikaiamini ile 9.7. Ingekuwa amebeba siko seli, tungempima kidole kwa saa tofauti, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku za giza na za mbalamwezi. Au fruktosamini, kipimo kinachosoma sukari iliyogandamana na protini za majimaji ya damu kwa wiki mbili tatu zilizopita, mahali kinapopatikana.

"Insulini ilimpofusha"

Nilikuwa nikilipuuza neno hili. Kisha nikajifunza kwamba nyuma yake kuna kitu. Mtu ambaye retina yake imeshaharibika na sukari yake imekuwa juu sana kwa muda mrefu, akishushwa kwa haraka, macho yanaweza kuzorota miezi ya mwanzo. Inatokea kwa insulini na kwa njia nyingine pia za kushusha kwa kasi. Baada ya hapo faida ya sukari kuwa chini inashinda. Kinachotakiwa ni macho kutazamwa kabla au mara tu matibabu yanapobanwa, kwa matone ya kupanua mboni, ili kama kuna mishipa inayovuja ishughulikiwe kwa mionzi ya leza au sindano. Kwa hiyo bibi wa jirani hakusema uongo kwamba aliona vibaya zaidi baada ya kuanza sindano. Aliyemuonea ni yule aliyempa sindano bila kumpeleka macho.

Kwa matone hayo utaona ukungu saa chache. Nenda na mtu, usipande bodaboda peke yako.

"Miguu inawaka kwa sababu ya baridi ya ziwa"

Baridi haianzii kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda kama soksi. Neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizokosa damu ndizo zinazofanya hivyo: kuwaka usiku, kuchomachoma, kisha ganzi. Ganzi inapokuja watu wanasema wamepona. Hapo ndipo hatari inaanza, maana mtu anakanyaga mwiba wa sangara asijue. Na dawa ya nyumbani, kuloweka miguu kwenye maji ya moto, nimeiona ikileta malengelenge kwa mama ambaye alisema maji yalikuwa "vuguvugu tu". Maji yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine.

Kuna jaribio lisilohitaji chombo. Mwenye kisukari afumbe macho, mtu wa nyumbani amguse kwa wepesi ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu mmoja kisha mwingine, sekunde moja au mbili, bila kukandamiza. Akikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya sita, miguu hiyo iko hatarini na ipelekwe kliniki.

Ila si kila ganzi ni sukari. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao unaharibu neva. Unapimwa kwa damu, unatibika.

"Kuna kipimo kimoja kinachotabiri yote"

Zimechapishwa tafiti nyingi kuhusu alama nyingine za damu: protini za uvimbe mwilini, asidi ya yuriki, hata uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe kwenye picha kamili ya damu. Wenye macho na figo zilizoharibika mara nyingi wanazo juu. Lakini malaria inazipandisha, jino bovu linazipandisha. Hazijafika mahali pa kumwambia mtu mmoja hatima yake. Na ile mashine ya kushika fimbo ya chuma kiganjani inayotoa kurasa za majibu ya figo, ini na kongosho, haijapima chochote. Hakuna damu iliyotoka.

Mjomba sasa anakuja giza na mbalamwezi. HbA1c ya mwezi wa nne ilikuwa 7.8. Macho yametazamwa, jicho la kushoto lina vidoadoa viwili vya damu, atarudi baada ya miezi sita. Albumini ya kwanza ilikuwa 64. Akapimwa kichocho, hana. Ya pili 51. Presha imeongezewa kidonge. Mkewe anamgusa vidole kila Jumapili jioni, na wiki iliyopita alinipigia simu: kile cha mwisho cha mguu wa kulia, mara mbili mfululizo, hakukisikia. Nimewaambia waje Jumatatu, hata kama ni giza.